Kidonda Nyuma ya Sikio

Kila asubuhi, kabla Mabrouka hajatoka nje, mama yake alimkagua kama sajini anavyokagua askari wake. Mikono ya gauni ilipaswa kushuka hadi kwenye viganja. Kifungo cha shingoni kilipaswa kufungwa, hata kama kinabana. Soksi zilipaswa kupanda mpaka magotini.

"Geuka," alisema Bi Kaltuma, na Mabrouka akageuka. "Haya. Sasa kofia."

Kofia ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Bi Kaltuma aliisuka kwa mikono yake, kwa ukindu uliotiwa rangi nyekundu, kijani na zambarau. Msuko wake ulikuwa uleule ambao wanawake wa Kinubi wa Kibra hutumia kusuka tabaka, kile kifuniko cha mviringo cha kufunikia sinia la chakula. Ilikuwa kofia pana, iliyoziba masikio na shingo. Tena ilipendeza. Lakini ilifanana na tabaka mno. Shuleni kulikuwa na mvulana aitwaye Osman ambaye alizoea kumsogelea Mabrouka, kuinua pua na kunusa hewa.

"Mabrouka," angeuliza kwa upole wa uongo, "leo kumepikwa nini?"

Darasa zima lingecheka.

Mabrouka alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake zilikuwa na rangi ya majani makavu ya mahindi, na macho yake hayakupenda mwanga mkali. Darasani aliketi mbele kabisa, na hata hivyo alilazimika kuusogelea ubao ili asome. Nyumbani kwao, katika kijiji cha Makina pale Kibra, hakuwa peke yake. Dada ya baba yake, shangazi Sitelbanat, alikuwa na ngozi kama yake, na chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua.

Huo ulikuwa mwaka wa 1951. Kibra ilikuwa bado na nyumba chache za udongo zilizotengana, na kati ya nyumba moja na nyingine palikuwa na mahindi, vichaka na njia za ng'ombe. Shangazi Sitelbanat aliuza ndizi kando ya reli. Kila Jumatatu na Alhamisi alitembea hadi Kawangware kuzichukua kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mumbi, ambaye watu walimwita Mama Thuo, kisha akarudi na kapu kichwani. Kwa sababu ya kapu hilo, shangazi hakuvaa kofia.

"Mzigo utakaa wapi?" alijibu kila alipoambiwa. "Juu ya kofia?"

Alijifunga kitambaa chepesi tu, akaweka kata juu yake, na juu ya kata akaweka kapu.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mabrouka aliomba kufuatana na shangazi yake. Alimpenda sana. Shangazi alijua visa vya kila nyumba waliyoipita, na alivisimulia huku akitembea haraka, kapu likiwa limetulia kichwani kama limepigwa misumari.

Alhamisi moja anga la Nairobi lilikuwa la kijivu kutoka upande hadi upande, kama kawaida ya Agosti. Baridi ilikuwepo, na jua halikuonekana hata kidogo. Walipofika nyuma ya ua wa mwisho wa Makina, Mabrouka alivua kofia na kuichomeka kwenye kichaka cha mlantana.

"Mama yako atasemaje?" shangazi aliuliza.

"Leo hakuna jua, shangazi. Tutaichukua tukirudi."

Shangazi alitazama juu, akaangalia mawingu, kisha akainua mabega. "Kweli. Leo hakuna jua."

Kwa Mumbi walikaa kuliko walivyokusudia. Ndizi zilikuwa bado hazijakatwa, kwa hiyo wanawake hao wawili waliingia migombani na panga. Mabrouka aliachwa uani kucheza na wasichana wa jirani. Walicheza kuruka kamba. Joto la mchezo lilipompanda, alikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akafungua kifungo cha shingoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi upepo shingoni mwake. Alicheza tangu saa nne hadi karibu saa saba, na muda wote huo mawingu hayakufunguka.

Walirudi Kibra, wakaichukua kofia kichakani, na Bi Kaltuma hakujua lolote. Lakini kufikia saa kumi alasiri, shingo ya Mabrouka ilikuwa nyekundu kama udongo wa Kawangware. Mikono iliwaka. Alipojaribu kuegemeza shingo ukutani, alipiga kelele.

"Umefanya nini?" mama yake aliuliza. "Si ulivaa kofia?"

Mabrouka alizidi kulia. Bi Kaltuma alikimbia kutafuta maji ya mtungini, na shangazi Sitelbanat aliposikia kilio alivuka ua, akachukua kitambaa kilicholowa na kuanza kumkanda shingo taratibu.

"Pole, mwanangu. Pole. Nilipaswa kukukataza."

Alikuwa ameinama juu yake. Kitambaa chake mwenyewe kililegea, kikateleza kuelekea begani. Ndipo Mabrouka alipoona. Nyuma ya sikio la kushoto la shangazi palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya harage. Kingo zake zilikuwa zimeinuka, na katikati palikuwa pamelowa damu.

"Shangazi, hiyo ni nini?"

Mkono wa shangazi ulipanda haraka ukakirudisha kitambaa. "Si kitu. Kapu hunisugua."

"Kapu halifiki hapo."

Shangazi alitazama mlangoni. Bi Kaltuma alikuwa bado yuko mtungini. "Sikiliza," alinong'ona. "Kimekuwepo tangu mvua za vuli. Kinakauka, kinafunguka, kinakauka tena. Hakiumi. Usimwambie mtu yeyote, umesikia? Baba yako akijua, atanipeleka hospitali. Na sisi tunaijua hospitali. Ami yako Ishmael aliingia kule akitazama, akatoka amefunikwa shuka."

Mabrouka hakuwahi kumwona ami Ishmael. Alijua tu kwamba alikuwa kaka ya baba na shangazi, kwamba naye alikuwa na ualbino, na kwamba alifariki akiwa kijana. Hakupata nafasi ya kuuliza zaidi. Mama yake aliingia na maji, na shangazi akaendelea kumkanda kana kwamba hakuna lililosemwa.

Asubuhi iliyofuata malengelenge yalikuwa yametokea shingoni na mikononi. Bi Kaltuma alimfunika binti yake kwa shuka na kumpeleka kwa Simeon, dresa wa zahanati, yaani yule aliyefunga vidonda na kutoa dawa. Simeon alikuwa mtu mrefu asiye na haraka. Alimwambia Mabrouka akae mbali na dirisha, akayatazama malengelenge bila kuyagusa.

"Ulikuwa wapi jana?"

"Kawangware," alijibu Mabrouka. "Lakini hakukuwa na jua! Kulikuwa na mawingu kutwa nzima."

"Na kofia?"

Mabrouka alitazama miguu yake. "Niliivua."

Bi Kaltuma alifungua kinywa, lakini Simeon aliinua mkono kidogo kumtuliza.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Sasa nikwambie jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wingu huzuia joto. Huzuia na mwanga wa kutuumiza macho. Lakini ule mwanga unaochoma ngozi hupenya. Kwa hiyo siku ya mawingu inaweza kuwa ya hatari zaidi kuliko siku ya jua kali, kwa sababu siku ya jua kali wewe mwenyewe utakimbilia kivulini. Siku ya mawingu utacheza tu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kofia na mikono mirefu ni kila siku. Kama una kazi ya nje, ifanye asubuhi mapema au baada ya saa kumi. Kati ya saa nne na saa kumi, tafuta kivuli. Ngozi yangu mimi ina rangi inayonikinga kiasi. Yako haina. Ikiungua leo, na kesho, na mwaka ujao, siku moja hutokea kidonda kisichopona. Daktari hukiita saratani ya ngozi." Alimgeukia Bi Kaltuma. "Nyumbani kuna mtu mwingine mwenye ngozi kama hii?"

"Yupo shangazi yake."

"Ana kidonda chochote? Hata kidogo? Uso, midomo, masikio, shingo?"

"Hana," alisema Bi Kaltuma. "Au anacho, Mabrouka? Wewe ndiye unayeshinda naye."

Mabrouka aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Hana."

"Vizuri," alisema Simeon, akaanza kutafuta pamba. "Kwa sababu kidonda kama hicho kikiwa kidogo, daktari hukikata kikaisha. Kikiachwa, huchimba. Kikishachimba, hata daktari hana la kufanya."

Siku tatu Mabrouka alilala ndani kifudifudi, akisubiri ngozi yake itulie. Maumivu ya malengelenge yalipungua. Lile neno "hana" halikupungua. Alilisikia wakati wa kula, akalisikia wakati wa kusali. Kila shangazi alipoingia chumbani kumsalimu, macho ya Mabrouka yalikimbilia kile kitambaa. Siku ya pili aliona doa jipya la damu juu yake, dogo kama mbegu ya papai. Siku ya tatu shangazi alimletea ndizi mbivu, akakaa karibu naye, akaanza kisa cha mzee mmoja wa Laini Saba na mbuzi wake aliyekula kilemba cha imamu. Kilikuwa kisa cha kuchekesha. Mabrouka hakucheka.

"Huumwi tena, na bado umenuna," alisema shangazi.

Mabrouka alikaa kitako. "Shangazi, nitamwambia baba."

Uso wa shangazi ulibadilika. "Utamwambia nini?"

"Unajua. Nakwambia wewe kwanza, ili usiseme nilikusema nyuma yako."

"Nilikuomba ufiche!"

"Nimeficha. Nilimdanganya Simeon na mama kwa ajili yako. Simeon alisema kikiwa kidogo hukatwa kikaisha."

"Simeon!" Shangazi alisimama. "Simeon alikuwa wapi Ishmael alipokufa? Walimwingiza mle ndani, na siku ya nane tukamzika."

Mabrouka alikuwa amelifikiria jambo hilo siku zote tatu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Alikaa na kidonda muda gani kabla ya kupelekwa?"

Shangazi alitoka, na pazia la mlangoni likabaki likitikisika.

Baba yake Mabrouka, Mzee Fadlalla, alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Alirudi saa kumi na moja jioni hiyo, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na kumiminiwa kahawa yake ya tangawizi. Mabrouka alimwacha anywe kikombe cha kwanza. Kisha akamwambia yote, tangu kofia iliyochomekwa kichakani hadi uongo wa zahanati. Bi Kaltuma, aliyekuwa akipika mikate ya gurusa mekoni, aliacha mkate wa kwenye kikaango ukaungua.

Mzee Fadlalla hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini. "Kamwite shangazi yako."

Hapakuwa na haja. Shangazi Sitelbanat alikuwa tayari amesimama mlangoni. Alimtazama Mabrouka kwa jicho ambalo Mabrouka hakuwahi kutazamwa nalo.

"Sitel," alisema kaka yake, "fungua kitambaa."

"Fadlalla, ni jambo dogo."

"Fungua, dada yangu."

Alifungua. Mzee Fadlalla alisogeza taa, akatazama muda mrefu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini. Mwanzoni ilikuwa kama anajisemesha mwenyewe.

"Ishmael naye alijifunga kitambaa. Cheupe, shingoni, kama kijana anayejipamba. Tukamtania kwamba anatafuta mchumba. Miaka mitatu, Sitel! Miaka mitatu alitufunga macho kwa kile kitambaa, mpaka harufu ilipotuambia. Tulimpeleka kwa machela, mimi nikiwa mbele, kwa sababu hakuweza tena kugeuza shingo. Wewe unasema hospitali ilimuua. Hospitali ilikuwa naye siku nane tu. Kidonda kilikuwa naye miaka mitatu."

Shangazi alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. "Na wakinikata sikio?"

"Utabaki na la pili," alisema Bi Kaltuma kutoka mekoni.

Kicheko kilimtoka shangazi kabla hajakizuia. Kisha, kicheko kile kile kikageuka kilio, akaketi chini pale pale mlangoni, akalia kama mtoto. Bi Kaltuma alikuja akamshika. Mabrouka hakujua aende wapi, akabaki amesimama.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, kaka na dada waliondoka kwenda hospitali kubwa ya mjini. Daktari alitazama, akapapasa shingo ya shangazi upande mmoja na mwingine, akauliza maswali. Alisema ilikuwa saratani, na kwamba ilikuwa bado haijachimba. Alimchoma sindano ya ganzi, akakikata kidonda pamoja na sehemu ya nyuma ya sikio, akashona. Walimweka wodini siku kumi na mbili. Mzee Fadlalla alipita kumwona kila jioni baada ya kazi, na kila jioni Mabrouka alimngoja njiani.

"Yu hai?" aliuliza siku ya kwanza.

"Yu hai, na analalamika juu ya uji," alijibu baba yake. "Mtu anayelalamika juu ya uji ana nguvu."

Shangazi alirudi nyumbani akiwa na bendeji kubwa kichwani. Majirani walijaa uani. Alipokea salamu za kila mtu, lakini Mabrouka alipomsogelea na kusema, "Karibu nyumbani, shangazi," aliitikia, "Ahsante," akageukia wengine. Ilikuwa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakumtukana, wala hakumfukuza. Ila visa vilikwisha. Mabrouka alipita mbele ya mlango wake polepole mara nyingi, akitumaini kuitwa, na hakuitwa.

"Nilifanya vibaya?" alimuuliza mama yake.

"Hukufanya vibaya," Bi Kaltuma alijibu. "Lakini aliogopa, na wewe uliiona hofu yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtu mzima haoni raha kuonwa hivyo na mtoto. Mpe nafasi."

Siku ya tano, Mumbi alikuja kutoka Kawangware kumjulia hali mgonjwa. Hakuja kwa miguu. Alikuwa amepanda mkokoteni wa punda wa mumewe, Waithaka, juu ya mzigo wa kuni.

"Ngai, Sitel!" alisema alipoiona bendeji. "Na mimi nilidhani umepata muuza ndizi mwingine."

Walikunywa chai barazani, Mabrouka akiwapokeza vikombe. Shangazi alieleza kwamba daktari amemkataza kukaa juani, na kwamba sasa hajui atafanyaje kazi yake. Kichwa kingevaa kofia au kingebeba kapu. Vyote viwili havikuwezekana.

Mumbi aliweka kikombe chini. "Lakini Waithaka huwaletea kuni waoka mikate wa Kibra kila Jumatatu na Alhamisi! Ndizi zako si zitakaa juu ya kuni? Kwa nini unavunja shingo miaka yote hii?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza! Ulikuja mwenyewe na kapu lako, nikadhani unapenda kutembea."

Wote walicheka, hata Mabrouka. Ilikubaliwa hapo hapo: punda ataleta ndizi asubuhi, na shangazi ataziuza chini ya kibanda cha makuti na magunia ambacho Mzee Fadlalla alikuwa tayari ameahidi kumjengea.

Kisha Mumbi akainama karibu na shangazi. "Kuna kitu kingine kimenileta," alisema. "Jirani yangu mmoja, Wakarima, amejifungua mtoto kama nyinyi. Ana miezi mitano. Watu wamemwambia mtoto huyo hakuivishwa vya kutosha tumboni, kwa hiyo amwanike juani kila siku ili apate rangi. Naye humlaza uani kila asubuhi, uchi, mpaka mchana. Mtoto hulia hadi sauti inakauka. Mimi nimemwambia aache. Ananiambia, wewe unajua nini?"

Shangazi alikuwa amesimama kabla Mumbi hajamaliza.

"Kesho alfajiri," alisema. Kisha akamgeukia Mabrouka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Utakuja nami. Utavaa vizuri."

Waliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, wote wawili wakiwa na mikono mirefu na vichwa vilivyofunikwa barabara. Shangazi hakuzungumza mengi njiani, lakini penye mto mdogo alimpa Mabrouka mkono ili avuke, na alipovuka hakuuachia upesi.

Wakarima alikuwa msichana mdogo kuliko Mabrouka alivyotarajia, labda wa miaka kumi na minane. Walimkuta anatandika ngozi ya mbuzi uani, mahali ambapo jua lingefika muda si mrefu. Mtoto alikuwa mgongoni. Kichwa chake kilikuwa na magamba mekundu, na midomo yake imepasuka.

Mumbi aliwatambulisha. Wakarima aliwatazama wageni wake wawili kwa mshangao, macho yakienda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine.

"Hamkufa," alisema, kisha akaona haya na kufunika mdomo. "Walisema watu hawa hawakui."

"Mimi nina miaka arobaini na mitatu," alisema shangazi. "Keti, mwanangu."

Aliketi mbele yake na kufungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, mbele ya macho ya watu wote. Yule shangazi aliyeficha kidonda cha ukubwa wa harage miezi mingi sasa aligeuza kichwa chake ili mtu asiyemjua aone sikio lililokatwa na mishono yake.

"Hili lililiwa na jua," alisema. "Jua halikunipa rangi. Miaka yote nimetembea chini yake, na mimi ni mweupe vilevile. Kaka yangu alikuwa kama mimi, nalo lilimmaliza kabisa, kwa sababu alificha. Mtoto wako hajakosa kuiva. Ameiva. Ameumbwa hivi, na ngozi yake haitakiwi kuanikwa hata siku moja."

Wakarima aliyatazama yale magamba ya kichwani mwa mwanawe. Machozi yalimtoka. "Nilitaka kumsaidia."

"Najua," alisema shangazi. "Hata mimi nilidhani najisaidia."

Wakarima alimgeukia Mabrouka. "Na wewe unasoma?"

"Niko darasa la nne," alijibu Mabrouka. Akakunja mkono mmoja wa gauni, akaonyesha mahali ngozi ilipobambuka. "Hapa nilijichoma mwenyewe siku ya mawingu. Kwa hiyo hata siku ya mawingu, mfunike. Anaweza kutoka asubuhi sana na jioni. Na kukiwa na kidonda kisichopona, mpeleke zahanati upesi, usikae."

Alisema kila kitu kama alivyokisikia kwa Simeon, polepole, na Mumbi akakirudia kwa Kikuyu pale Wakarima alipokunja uso. Walipomaliza, Wakarima aliiokota ile ngozi ya mbuzi, akaitandika ndani, upande wa kivuli, akamlaza mtoto juu yake.

Njiani, wakirudi, shangazi alipunguza mwendo.

"Nilikukasirikia, Mabrouka," alisema. "Nataka ujue sababu. Si kwa kuwa ulisema uongo, wala si kwa kuwa ulisema kweli. Nilikukasirikia kwa kuwa ulinilazimisha nikiangalie kitu nilichokuwa nakikimbia. Daktari aliniambia ningengoja mwaka mmoja zaidi, asingenigusa. Angenirudisha nyumbani."

Mabrouka alimshika mkono.

"Mtu akikuomba umfichie ugonjwa," shangazi aliendelea, "hata kama unampenda, hata kama ni mkubwa wako, usikubali. Mwambie usoni kwamba utasema, kama ulivyoniambia mimi, kisha nenda ukaseme. Atakasirika. Mwache akasirike. Mtu aliyekasirika yu hai. Na kuhusu jua, mimi na wewe hatuwezi kulishinda wala kulikomesha. Tunachoweza ni kuamua kila asubuhi, kabla ya kutoka, na kesho yake tuamue tena. Hakuna siku ya kupumzika katika hilo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Haya. Sasa nikumalizie kile kisa cha mbuzi, kwa sababu siku ile hata hukusikiliza."

Na akaanza upya, tangu mwanzo.